Jina, Ukoo na Mwili: Usimulizi wa Mateso ya Waislamu wa Kwanza katika Sira ya Ibn Ishaq

Utangulizi

Masimulizi ya mateso waliyoyapata Waislamu wa kwanza mjini Makka, baina ya mwaka 610 na mwaka 622, yanafahamika mno kwa wasikilizaji wa pwani ya Afrika Mashariki. Bilal akilazwa juu ya mchanga wa moto huku jiwe limemkalia kifuani, Sumayya akiuawa kwa kukataa kuikana imani yake, Ja'far akisimama mbele ya Najashi: taswira hizi zimerudiwa katika mawaidha na katika vyuo vya Kurani kizazi baada ya kizazi. Lakini kufahamika kwa kisa ni jambo moja na kusomwa kwake ni jambo jingine. Msikilizaji aliyekijua kisa tangu utotoni huelekea kukisikia kile anachokitazamia, na kwa sababu hiyo akapitwa na namna matini yenyewe inavyosimulia.

Wasomi wa Sira wamefuata mielekeo miwili mikuu. Mwelekeo wa kwanza ni wa kumbukumbu ya kidini, ambao huyachukua masimulizi haya kuwa hazina ya mifano ya subira. Mwelekeo wa pili ni wa wanahistoria, na mfano wake unaojulikana zaidi ni kitabu cha W. Montgomery Watt, Muhammad at Mecca, kilichochapishwa mwaka 1953. Watt alishikilia kwamba, kwa jumla, mateso hayo yalikuwa ya kadiri, na kwamba wengi wa Waislamu wa kwanza hawakuwa watu wa tabaka la chini bali vijana wa koo zenye heshima. Mielekeo hii miwili hupingana kwa hitimisho lakini hukubaliana katika jambo moja, nalo ni kuyatazama masimulizi kama dirisha la kutazamia kitu kingine. Wa kwanza hutazama fadhila, wa pili hutazama takwimu za koo. Makala haya yanasimama kwenye dirisha lenyewe. Yanadai kwamba katika Sira mfumo ule ule wa ukoo ulioamua nani ateswe na nani asalimike ndio ulioamua pia nani asimuliwe kwa jina, kwa sauti na kwa urefu. Na kwamba ukuu wa matini hii umo katika kuuhifadhi ushahidi unaoufichua mfumo huo, hata pale ambapo ushahidi wenyewe hauwapendezi wasimulizi wake.

Matini na wapokezi wake

Sira inayozungumziwa hapa ni ile iliyokusanywa na Muhammad bin Ishaq, aliyefariki yapata mwaka 767, na kutufikia hasa kwa mkono wa Ibn Hisham, aliyefariki yapata mwaka 833. Hii si kazi ya mtunzi mmoja kwa maana ya riwaya. Ni mkusanyo wa habari fupi fupi, nyingi zikitanguliwa na isnadi, yaani mnyororo wa majina ya waliozipokea. Mhakiki wa fasihi huweza kushawishika kuiruka isnadi kana kwamba ni vumbi la njiani. Kufanya hivyo ni kosa, maana isnadi ndiyo inayojibu swali la msingi katika nadharia yoyote ya usimulizi: nani anasema, na amesimama wapi?

Mintarafu ya mateso ya Makka, jibu linavutia. Sehemu kubwa ya habari za watumwa waliokombolewa imepitia kwa watu wa nyumba ya al-Zubayr na Abu Bakr, nyumba mbili zilizounganishwa kwa ndoa ya al-Zubayr na Asma binti Abu Bakr. Urwa, mtoto wa ndoa hiyo, ndiye pia aliyeandika barua kwa Khalifa Abd al-Malik kuhusu mwanzo wa uadui wa Maquraishi, barua ambayo al-Tabari, aliyefariki mwaka 923, ameihifadhi katika historia yake. Kwa hiyo kisa cha Bilal kinachosimuliwa katika Sira hakitoki kwa Bilal. Kinatoka kwa wajukuu wa mtu aliyemkomboa. Jambo hili halikifanyi kisa kuwa cha uongo. Linaeleza umbo lake.

Fitna na moto

Neno linalotumiwa na wapokezi kuyataja mateso haya ni fitna. Msomaji wa Kiswahili analijua neno hili kwa sura ya fitina, na katika Kiswahili limeishia kumaanisha maneno ya uchonganishi. Asili yake katika Kiarabu ni tofauti: ni kuitia dhahabu au fedha motoni ili kilicho safi kitengane na takataka. Katika Sira maana hii ya kiufundi haijafa. Wanyonge wa Makka hutolewa nje wakati wa adhuhuri, jua linapokuwa kali, wakalazwa juu ya ardhi inayochoma. Khabbab bin al-Aratt, ambaye kazi yake ilikuwa uhunzi, anateswa kwa moto ule ule aliokuwa akiutumia kufulia panga. Istiari iliyolala katika neno inafufuliwa na tukio. Hapa ndipo msomaji wa Kiswahili anapopaswa kuwa mwangalifu, kwa sababu akilisoma neno kwa maana yake ya barazani, mateso ya mwili yatageuka kuwa ugomvi wa maneno.

Ngazi ya ukoo

Ibn Ishaq anaeleza mwenendo wa Abu Jahl kwa mpangilio ulio wazi kabisa. Akisikia kwamba mtu mwenye heshima na wa kumlinda amesilimu, humsuta na kumtishia kumvunjia sifa yake. Akiwa mfanyabiashara, humtishia kuidorora biashara yake na mali yake kupotea. Akiwa mnyonge, humpiga. Hizi ni silaha tatu kwa matabaka matatu: ulimi, soko na mkono. Mateso, kwa hiyo, si mlipuko wa hasira tu. Yana sarufi yake, na sarufi hiyo ni ukoo.

Ushahidi mzito zaidi umo katika kulinganisha visa viwili vinavyohusu kabila moja, Banu Makhzum. Katika kisa cha kwanza watu wa Makhzum wanamtoa Ammar pamoja na baba yake Yasir na mama yake, nyumba ya Waislamu iliyokuwa chini ya himaya ya kabila hilo bila ya kuwa ya damu yake, na wanawatesa kwenye joto la Makka mpaka mama anauawa. Katika kisa cha pili, kilicho karibu sana na cha kwanza katika mpangilio wa kitabu, baadhi ya watu wa Makhzum wanataka kumtia adabu al-Walid bin al-Walid, kijana wa damu yao aliyesilimu. Wanamwendea kwanza nduguye, Hisham. Huyu anawaruhusu wamkaripie, lakini anawaonya kwamba wakimuua ndugu yake naye atamuua aliye mtukufu zaidi kati yao. Wanaondoka. Kabila ni lile lile na kosa ni lile lile. Kilichotofautiana ni kuwapo kwa ndugu mlangoni. Matini haitoi maelezo yoyote ya kuunganisha visa hivi. Inaviweka karibu na kunyamaza, na kimya hicho kina ukali kuliko hotuba.

Kwa mtazamo huu, hoja ya Watt kwamba mateso yalikuwa ya kadiri inahitaji kusahihishwa, ingawa msingi wake hauwezi kutupwa. Ni kweli kwamba wengi wa walioorodheshwa kuwa Waislamu wa kwanza walikuwa na koo za kuwalinda. Lakini wastani hauwezi kupatikana kwa kumjumlisha al-Walid na mama yake Ammar kisha kugawanya kwa mbili. Ulinzi wa mmoja na kifo cha mwingine ni pande mbili za utaratibu mmoja.

Utaratibu huo pia haupaswi kusifiwa mno kwa upande wa wale uliowalinda. Umm Salama, ambaye naye alikuwa wa Makhzum, anasimulia kwa sauti yake mwenyewe jinsi alivyotaka kuhama kwenda Madina na mumewe Abu Salama wakiwa na mtoto wao. Watu wake wakamzuia wakidai kuwa yeye ni wao. Watu wa mumewe wakakasirika, wakadai kuwa mtoto ni wao. Pande mbili zikamvuta mtoto mpaka mkono wake ukateguka. Mume akaenda zake, mtoto akachukuliwa, na mama akawa anatoka kila siku kukaa bondeni akilia hadi jioni, kwa muda wa mwaka mmoja au karibu na hapo. Katika Sira nzima hakuna taswira inayodhihirisha zaidi kwamba ukoo ni ngao na pia ni kamba. Mkono wa mtoto ulioteguka ni ramani ya jamii nzima.

Bilal na mtumwa asiye na jina

Bilal bin Rabah alikuwa mtumwa katika Banu Jumah, chini ya Umayya bin Khalaf. Kisa chake katika Sira ni kifupi kuliko wasikilizaji wengi wanavyokumbuka. Umayya anamtoa nje adhuhuri, anamlaza chali, anaamuru jiwe kubwa liwekwe kifuani mwake, na kumtaka amkane Muhammad na kuiabudu miungu ya Makka. Bilal anajibu kwa neno moja tu la kumpwekesha Mungu, akilirudia. Katika kipindi hiki cha mateso hana usemi mwingine.

Habari hii pia inamtia Waraqa bin Nawfal, mzee wa Kikristo, akipita na kumhurumia Bilal. Tatizo la mfuatano wa wakati ni dhahiri, kwa kuwa pokezi linalojulikana katika Sahihi ya al-Bukhari linamfanya Waraqa afariki mara baada ya wahyi wa kwanza, kabla ya mateso kuanza. Mwanahistoria atalihesabu hili kuwa dosari. Mhakiki wa fasihi anaweza kuuliza kazi yake. Waraqa ndiye aliyetabiri kwamba Mtume atafanyiwa uadui na watu wake. Kumleta karibu na mwili wa Bilal ni kuulaza utabiri juu ya mchanga, ili msikilizaji auone umetimia, na wa kwanza kutimiziwa ni mtumwa.

Kisha anapita Abu Bakr. Anamuuliza Umayya kama hamwogopi Mungu. Umayya anajibu kwamba yeye Abu Bakr ndiye aliyemharibu, basi na amwokoe. Abu Bakr anasema anaye mtumwa mweusi aliye hodari na mwenye nguvu kuliko Bilal, naye ni wa dini ya Umayya. Atampa huyo badala yake. Umayya anakubali. Bilal anaachwa huru.

Hapa pana kiungo cha kisa ambacho mawaidha mengi hukiruka, au hukibadilisha kuwa fedha, kwa kuwa yapo pia mapokezi yanayotaja bei. Kuna mtu wa tatu katika maafikiano haya. Hatajwi jina, haulizwi, hasemi, na anapokabidhiwa kwa Umayya hatajwi tena. Uhuru wa mmoja umelipiwa kwa utumwa wa mwingine kuendelea chini ya bwana ambaye ukatili wake umekwisha kuonyeshwa. Haifai kumhukumu Abu Bakr kwa vipimo vya karne nyingine. Katika Makka ya wakati ule njia za kumtoa mtumwa mikononi mwa bwana wake zilikuwa chache, na yeye ndiye aliyezitumia. Lakini haifai vile vile kuificha nafasi ya mtu huyu. Wajukuu wa mkombozi wangeweza kumfuta. Hawakumfuta. Amebaki katika sentensi moja kama kovu, na usomaji unaostahili kuitwa uhakiki hauna budi kusimama hapo.

Kisa hiki kimesimuliwa katika Uswahili uliokuwa na mabwana na watumwa wake, ambapo utumwa uliondolewa hadhi ya kisheria huko Unguja na Pemba mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Katika mazingira kama hayo kisa cha Bilal kiliweza kusikika kwa masikio mawili. Bwana angeweza kukisikia kama sifa ya ukarimu wa Abu Bakr. Mtumwa angeweza kukisikia kama habari ya mtu wa hali yake aliyekuja kuwa mwadhini wa Mtume. Matini inazibeba tafsiri zote mbili, na haimtoi msikilizaji katika jukumu la kuchagua.

Wanawake katika pembe ya matini

Abu Bakr, kwa hesabu ya Ibn Ishaq, alikomboa watumwa saba akiwemo Bilal, na wengi wao walikuwa wanawake: Umm Ubays, Zinnira, Nahdiyya na binti yake, na kijakazi wa Banu Mu'ammil. Baba yake, Abu Quhafa, anamlaumu kwa kukomboa watu dhaifu ilhali angeweza kukomboa wanaume wenye nguvu wakamlinda. Lawama ya mzee ni sauti ya mfumo ukijieleza: ukombozi nao uwe kitega uchumi cha ukoo. Jibu la mwanawe, kwamba anachokitaka ni kwa ajili ya Mungu, ndilo lililowafanya wasimulizi wakihifadhi kisa. Lakini bila ya lawama jibu lisingekuwa na uzito.

Kijakazi wa Banu Mu'ammil hana jina katika kifungu hiki. Anayempiga ana jina, naye ni Umar bin al-Khattab kabla ya kusilimu. Anampiga mpaka anachoka, kisha anamwambia kuwa amemwacha kwa kuchoka tu. Kijakazi anamjibu kwamba hivyo ndivyo Mungu alivyomtenda yeye Umar. Ni mara chache mnyonge wa Sira akapewa jibu la kumfunga mdomo mpigaji, na kinaya chake kinaongezeka kwa msikilizaji anayejua kwamba mpigaji atakuja kuwa Khalifa. Kwa mama yake Ammar hali ni kinyume. Kifo chake, ambacho mapokeo yanakihesabu kuwa shahada ya kwanza katika Uislamu, kimepewa maneno machache, naye anatajwa kwa kunasibishwa na mwanawe. Jina Sumayya na mkuki wa Abu Jahl unavikuta katika vitabu vingine, kama vile Tabaqat ya Ibn Sa'd, aliyefariki mwaka 845. Jambo kubwa kabisa limesemwa kwa ufupi kabisa, na si kwa sababu ya ufundi pekee. Mtu asiye na ukoo wa kumlinda hakuwa pia na ukoo wa kumsimulia.

Ulimi uliolazimishwa

Fasihi ya mashahidi, popote ilipo, huwapenda wasiovunjika. Sira inawaheshimu hao, lakini haiishii hapo. Ibn Ishaq anasema waziwazi kwamba baadhi yao waliikana dini kwa ukali wa mateso. Tena ananukuu pokezi la Sa'id bin Jubayr aliyemuuliza Ibn Abbas kama mateso hayo yalifikia kiwango cha kumpa mtu udhuru. Ibn Abbas anathibitisha. Walikuwa wakipigwa, wakinyimwa chakula na maji, mpaka mtu hawezi hata kukaa wima, na hapo hukiri chochote anachotakiwa kukiri. Hata dundu akipita mbele yao wakaulizwa kama huyo ndiye mungu wao, wangesema ndiye.

Dundu huyu ni miongoni mwa picha za kweli zaidi katika kitabu. Anaonyesha kwamba lengo la mtesaji halikuwa kurudisha imani ya zamani, kwa kuwa hakuna aliyeabudu dundu. Lengo lilikuwa kulifanya neno la mteswa lisiwe na maana. Mapokeo ya tafsiri yanaihusisha Aya ya 106 ya Sura An-Nahl na Ammar, aliyelazimishwa kutamka maneno ya ukafiri huku moyo wake umetulia katika imani. Kifasihi, uamuzi huo unamrudishia mteswa kile alichonyang'anywa: mamlaka juu ya maana ya maneno yake. Ammar aliyevunjika ulimi hakutolewa katika orodha ya watukufu. Aliishi hadi vita vya Siffin mwaka 657. Hapo Bilal na Ammar wanakamilishana: mmoja ana neno moja ambalo haliwezi kubadilishwa, mwingine ana maneno mengi ambayo hayahesabiwi.

Nani alipata taabu zaidi?

Baada ya Uislamu kupata dola, mateso yaligeuka kuwa cheo. Ibn Sa'd anamsimulia Khabbab akiingia kwa Khalifa Umar, akakaribishwa kukaa karibu naye. Umar anasema hakuna anayestahili zaidi kikao hicho isipokuwa mtu mmoja, na katika mojawapo ya mapokezi mtu huyo ni Bilal. Khabbab hakubali. Bilal, anasema, alikuwa na wa kumkinga miongoni mwa washirikina. Yeye hakuwa na mtu. Kisha inasimuliwa kwamba aliufunua mgongo wake na kuonyesha makovu ya moto.

Kikao hiki ndicho ufunguo wa masimulizi yote yaliyokwisha kuchunguzwa. Khabbab hana mjukuu mwenye barua kwa khalifa. Hati yake ni mgongo wake. Fauka ya hayo, anamwonyesha mtu ambaye mkono wake mwenyewe uliwahi kumpiga kijakazi asiye na jina. Matini hailitaji hilo hapa, na haina haja ya kulitaja kwa msikilizaji anayekumbuka. Kumbukumbu ya mateso, basi, ilikuwa uwanja wa mashindano tangu mwanzo, na wapokezi hawakuyasawazisha mashindano hayo.

Mapokeo ya Kiswahili

Ushairi mashuhuri wa Kiswahili unaotokana na maisha ya Mtume umeegemea zaidi vita na sifa. Utenzi wa Tambuka wa mwaka 1728, Utenzi wa Ras al-Ghuli na Utenzi wa Vita vya Uhud wa Haji Chum ni mifano ya kwanza. Hamziya ya Sayyid Aidarus na Maulidi ya Barzanji iliyotungwa kwa Kiswahili na Sayyid Mansab ni mifano ya pili. Utenzi hupenda shujaa anayetembea, anayejibizana, anayeinua upanga. Mtu aliyelazwa chini ya jiwe hampi mtunzi mwendo. Kwa hiyo kipindi cha Makka kimebebwa zaidi na nathari na mawaidha, na hapo kazi ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ya kuyaandika maisha ya Mtume kwa Kiswahili chepesi ina nafasi kubwa. Pengo lililobaki katika ushairi ni la umbo zaidi kuliko la imani, nalo ni changamoto kwa watunzi: namna ya kuutungia utenzi mwili usioweza kusogea.

Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kwamba masimulizi ya mateso ya Makka si orodha ya mifano iliyosafishwa. Ni matini iliyotungwa na watu wenye koo kuhusu watu ambao wengi wao hawakuwa nazo, na ambayo kwa uaminifu wake imeacha humo mtumwa aliyebadilishwa, kijakazi aliyejibu, mama aliyesimuliwa kwa maneno machache, na ulimi uliokiri mbele ya dundu. Kumsomea mwanafunzi kisa cha Bilal na kuuruka ubadilishanaji ule ni kuwa mwangalifu kidogo kuliko wapokezi wa karne ya nane. Wao walikuwa na sababu zaidi ya kunyamaza, na hawakunyamaza.